Onyo na Jibu Lake: Utangulizi kwa anayeanza kuisoma kazi ya mkunga

Mama aliyejifungua saa moja iliyopita anaweza kupoteza damu nyingi mno huku presha yake ikisoma vizuri. Mwili wa mjamzito huongeza damu kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na akiba hiyo humficha: mishipa hujibana, moyo huenda mbio, sura hubaki ya mzazi aliyechoka tu. Presha inapokuja kuporomoka, muda wa kufanya kazi kwa utulivu umeshapita. Vinavyotangulia kubadilika ni mapigo ya moyo na pumzi. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wodini mvua huweza kumwagika mbingu ikiwa bado nyeupe kwa asiyejua pa kutazama.

Taaluma ninayokukaribisha inahusu kutazama huko. Inauliza ni nani anayemtazama mama, kwa vipimo gani, kila baada ya muda gani, akiona jambo anamwambia nani, na aliyeambiwa anafanya nini. Vitabu vingi huishia kwenye maswali matatu ya mwanzo. Mimi naomba uanzie mawili ya mwisho, na ndiyo maana nimekuleta Mpanda badala ya kukuacha London. Mkoani Katavi, Tanzania, maswali hayo mawili hayana pa kujificha.

Kwanza historia, na nitaipita haraka pale inapojulikana. Mwaka 1997, katika Hospitali ya James Paget, karibu na Great Yarmouth, Uingereza, madaktari walivipa alama vipimo vya kila siku vya wagonjwa wa wodini: mapigo, presha, pumzi, joto, ufahamu. Kipimo kikitoka kwenye mipaka kinapata alama. Jumla ikifika kiwango kilichokubaliwa, daktari anaitwa. Hakukuwa na mashine mpya. Kilichokuwa kipya ni makubaliano kwamba muuguzi akishataja namba hahitaji kujitetea kwa nini amemwita mkubwa wake. Wajawazito hawakufaa kupimwa kwa mizani hiyo, kwa sababu miili yao ina kawaida yake. Miaka kumi baadaye, 2007, ripoti ya uchunguzi wa siri wa vifo vya uzazi nchini humo ilionyesha kwamba kina mama wengi walikuwa wametoa dalili za mapema za kuzidiwa na hazikutambuliwa. Ikapendekeza chati ya tahadhari iliyotengenezwa kwa ajili ya wazazi.

Chati hiyo ina rangi mbili. Mapigo kati ya 100 na 120 kwa dakika ni njano. Yakipita 120 ni nyekundu. Presha ya juu ikishuka chini ya 90 au ikipanda zaidi ya 160, nyekundu. Pumzi zikizidi 30 kwa dakika, nyekundu. Nyekundu moja au njano mbili, ita msaada. Ilipojaribiwa Luton kwa kina mama 676, na matokeo kuchapishwa 2012, iliwanasa asilimia 89 ya waliopatwa na matatizo. Lakini katika kila maonyo kumi iliyotoa, kama sita yalimhusu mama asiye na tatizo kubwa. Iweke namba hiyo ya pili akilini. Hospitali yenye madaktari wanne zamu ya usiku huweza kumeza maonyo sita ya bure. Yenye daktari mmoja, naye yuko chumba cha upasuaji, hujifunza upesi kutosikia.

Sasa sehemu ambayo wageni wa taaluma hii huikosa. Tahadhari ya mapema katika uzazi haikuanzia Uingereza. Mwaka 1954 Emanuel Friedman, New York, alikuwa amechora namna njia inavyofunguka kadiri saa zinavyokwenda. Mchoro wake ulikuwa wa kitaalamu, wa kuelewa uchungu. Waliougeuza kuwa onyo ni Hugh Philpott na mwenzake Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya Harari, jijini Salisbury, mji unaoitwa leo Harare. Mwaka 1972 walichapisha chati yenye mistari miwili iliyolala sambamba: mstari wa tahadhari, na mstari wa hatua ulioko saa nne kulia kwake. Njia ikifunguka taratibu kuliko sentimita moja kwa saa, alama huuvuka mstari wa kwanza. Kwa mkunga aliye peke yake katika kliniki ya mbali, maana yake ilikuwa moja: mtafutie gari, aanze safari. Zile saa nne zilikuwa muda wa barabara. Kwa wakunga wa kliniki za pembeni mistari ile ilikuwa kipimo cha umbali kabla ya kuwa kipimo cha kitu kingine, na sijui chati nyingine ya kitabibu iliyohesabu umbali waziwazi namna hiyo.

Chati hiyo, patografu, ikaenea duniani. Shirika la Afya Duniani likaijaribu kwa wazazi zaidi ya 35,000 huko Asia ya Kusini-Mashariki na kuchapisha matokeo 1994. Baadaye, mwaka 2018, shirika hilohilo lilikiri kwamba sentimita moja kwa saa ni kipimo kinachowabana wanawake wengi walio wazima, likasogeza mwanzo wa uchungu kamili hadi sentimita 5, na Desemba 2020 likatoa mwongozo mpya wa kumhudumia mama aliye kwenye uchungu. Mistari ya Harare haimo tena. Badala yake ipo safu ya tahadhari kando ya kila kipimo, na upo mstari unaomtaka mkunga aandike mpango: baada ya kuona hili, tunafanya nini? Mwongozo unauliza pia kama mama ana mtu wa kukaa naye, kama amekunywa kitu, kama maumivu yake yameshughulikiwa. Kisayansi ni hatua mbele. Hata hivyo nasikitika kidogo kuiaga mistari ile, kwa kuwa karatasi mpya inafikiri kama mtu aliye ndani ya hospitali. Ya zamani ilifikiri kama mtu anayesubiri gari.

Na hapo tunaingia Katavi.

Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Mpanda, mji uliofikiwa na tawi la reli kutoka Kaliua kwa ajili ya machimbo ya risasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Katika miaka kumi mkoa umeongezeka mara mbili, na wodi za wazazi hazikuweza kuongezeka kwa kasi hiyo. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika na vijiji vya Ikola na Karema. Karema ndipo Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa udaktari Malta, alipotibu watu tangu mwisho wa karne ya 19 hadi alipofariki 1956. Mtu mmoja, pwani nzima. Kusini kuna Mpimbwe na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mashariki Inyonga na misitu ya miombo. Katumba na Mishamo ni makazi makubwa yaliyoanza kwa wakimbizi wa Burundi wa 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Kwa miaka mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nje kabisa ya gridi ya taifa. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu isitoke, hutakiwa ikae kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Barabara kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita mia. Masika yakikolea, kilomita hizo hupimwa kwa saa.

Jambo jingine lazima msomaji alijue kabla hajafungua faili lolote. Utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulikuta kwamba Katavi, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 27, na hakuna mkoa uliofikia Katavi. Namba hiyo imetumika sana kwenye hotuba za maadili. Mimi naitaja kwa sababu ya kitabibu: mimba ya kwanza ndiyo inayoongoza kwa kifafa cha mimba na kwa uchungu wa muda mrefu. Mkunga wa Mpanda, kwa hiyo, anatazama kundi la wazazi ambalo ndani yake waliobeba mimba ya kwanza ni wengi. Binti wa miaka 16 asiyewahi kupimwa presha maishani haijui presha yake ya kawaida, wala mkunga haijui. Ikisoma 135 kwa 85, ni kawaida yake au imeshapanda? Mipaka ya mwongozo mpya humwambia avute subira hadi 140 kwa 90. Mkunga mzoefu hamwachi. Anauliza kichwa kinamuumaje, kama anaona kiza, kama ana maumivu ya chembe ya moyo. Tayari unaona kwamba tahadhari ina sehemu mbili, ya namba na ya mazungumzo, na hiyo ya pili haina kisanduku kwenye fomu.

Huko Mishamo au katika vitongoji vya wafugaji Wasukuma waliohamia Mpimbwe, mazungumzo hayo huweza kuhitaji mkalimani. Anayekalimani mara nyingi ni mama mkwe. Msichana atasema nini juu ya maumivu yake mbele ya mama mkwe? Sijaona chati inayouliza hivyo.

Nije kwenye hesabu, maana bila hesabu hii mtu huishia kuwalaumu wakunga. Kwa kanuni za patografu, moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na uchungu huhesabiwa kila nusu saa, mkono ukiwa juu ya tumbo kwa dakika kumi. Mkunga mwenye wazazi watatu kwenye uchungu kamili anatumia dakika thelathini za kila nusu saa kwa kuhesabu uchungu peke yake. Akiwa na wanne, anahitaji dakika arobaini ndani ya thelathini. Bado hajasikiliza moyo wa mtoto hata mmoja, hajapima presha, hajampokea mama aliyeshushwa kwenye bodaboda, hajamzalisha yeyote. Aliyejifungua sasa hivi naye anataka kutazamwa kila dakika 15 katika saa ya kwanza, saa ambayo damu huua zaidi. Kwa hiyo tunapomkuta mkunga wa zamu ya usiku ameacha visanduku wazi, swali la kitaaluma ni jinsi alivyochagua. Alimwacha nani, akamfuata nani, kwa kuona nini? Uchaguzi huo ndio tahadhari ya mapema halisi ya wodi ile, na karibu hakuna anayeuandika.

Kinachoandikwa ni kingine. Yeyote aliyepitia mafaili ya wodi za wazazi Afrika Mashariki anaijua patografu iliyo safi kupita kiasi: mapigo 80, 82, 80, 80, presha 110 kwa 70 usiku kucha, pumzi 20, 20, 20. Pumzi hasa. Kuzihesabu kunataka dakika nzima ya kumtazama mtu kifua bila kufanya lolote jingine, na ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote duniani, Ulaya ikiwemo. Patografu ya namna hiyo imejazwa asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu. Ofisi huita uzembe. Tafiti nyingi za Afrika zilizowauliza wakunga wenyewe zinarudia majibu yanayofanana: watu wachache, vifaa vibovu, fomu zinazojirudia, na woga wa kulaumiwa.

Kuhusu woga huo, kitabu cha kuanza nacho kimeandikwa jirani kabisa. Adrienne Strong, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa na wauguzi na madaktari wa hospitali moja ya mkoa wa Rukwa, aliyoipa jina la kubuni, akachapisha *Documenting Death* mwaka 2020. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba karatasi za hospitali hutumika kumlinda mfanyakazi kadiri zinavyotumika kumlinda mgonjwa, na kwamba huduma njema huweza kutolewa bila kuacha alama yoyote kwenye faili, kama ambavyo faili zuri huweza kufunika huduma mbovu. Kwa msomaji wa Katavi, mkoa uliokuwa sehemu ya Rukwa hadi juzi, kitabu hiki si habari za mbali. Kisome pamoja na cha Denise Roth Allen kuhusu Wasukuma wa Shinyanga, kilichotoka 2002, kinachouliza hatari za uzazi ni hatari machoni pa nani. Niongeze na utafiti wa Andrea Pembe wa Muhimbili na wenzake huko Rufiji, wa 2009, kuhusu ni kiasi gani wanawake wa vijijini wanazijua dalili za hatari. Ukisoma kazi hizo tatu utakuwa umeshasikia pande tatu: muuguzi, jamii, na mama mwenyewe.

Sasa nieleze kwa nini nadhani chati ya tahadhari, pamoja na yote hayo, inastahili kupiganiwa. Chukua mfano. Saa tisa usiku mkunga anampigia simu daktari aliye nyumbani: "Daktari, mama wa kitanda namba tano simwelewi." Daktari atauliza maswali, atasema mwangalie kidogo, atarudi kulala. Mkunga yuleyule akisema: "Daktari, namba tano, mapigo 124, pumzi 32, ana nyekundu mbili," anazungumza lugha ambayo kukataa kwake kunabaki kwenye rekodi. Katika mfumo wetu wa afya, ambamo mkunga ni kijana wa diploma au cheti na anayempigia ni mkubwa kwa umri na kwa cheo, namba humpa ruhusa ambayo heshima inamnyima. Ameona jambo tangu saa saba. Ameliona kwa mkono uliogusa ngozi ya baridi, kwa mama aliyeacha kuuliza habari za mwanawe. Lakini hawezi kumwamsha daktari kwa ajili ya mama asiyeuliza habari za mwanawe. Namba hugeuza alichokijua kuwa kitu kinachoweza kusemwa kwa mkubwa.

Upande wa pili wa namba hiyohiyo ni mchungu. Ikishaandikwa na msaada usije, inabaki na jina la aliyeiandika. Kikao cha kupitia vifo vya uzazi kitasoma: saa tisa usiku, mapigo 124, sahihi ya mkunga. Hakutakuwa na sahihi ya gari lililokosa dizeli wala ya chupa ya damu ambayo haikuwepo. Tanzania ina mwongozo wa kufuatilia vifo vya kina mama na watoto wachanga, wa 2015, unaosisitiza kwamba vikao vifanywe bila kumtafuta mtu wa kulaumu. Kanuni ni nzuri. Utekelezaji wake unategemea nani anaongoza kikao na simu gani amepigiwa asubuhi hiyo kutoka juu. Mkunga anayeacha kisanduku wazi mara nyingine amepiga hesabu hii kimyakimya: kutokuandika onyo ni salama kwake kuliko kuliandika mahali pasipo na jibu. Serikali ikigawa chati mpya bila kugusa hesabu hiyo, imegawa karatasi.

Jibu, basi, likoje? Mfano bora ninaoujua umetokea mkoa wa jirani, kabla mtu yeyote hajasikia chati za rangi. Godfrey Mbaruku alikuwa daktari wa uzazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma miaka ya 1980. Yeye na Staffan Bergström walichapisha mwaka 1995 taarifa ya walichofanya pale: hatua 22, nyingi ndogo, zilizotegemea rasilimali za hapohapo, kuanzia nidhamu na wajibu wa wafanyakazi hadi upatikanaji wa damu na vifaa na ushirikiano na jamii. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai laki moja. Narudia kuisoma makala hiyo kila ninaposikia kwamba mikoa ya magharibi inahitaji teknolojia kwanza. Kigoma ya 1987 haikuwa na intaneti. Ilikuwa na watu walioamua kwamba mtu akiita, mtu anakuja.

Majaribio ya karibuni yanasema jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Lile la E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa 2023, lilitumia mfuko wa plastiki wenye alama za mililita unaowekwa chini ya mzazi, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Penye mfuko, wakunga walitambua asilimia 93 ya waliotoka damu kupita kiasi. Penye macho pekee, asilimia 51. Karibu nusu ya wanawake hao walikuwa wakivuja damu mbele ya mtaalamu asiyejua kiasi. Lakini mfuko haukwenda peke yake. Mkunga alipewa idhini na dawa za kuanza matibabu papo hapo, yote kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, kumchunguza mama chanzo cha damu. Damu nyingi iliyotishia maisha, upasuaji kwa ajili yake na vifo vitokanavyo nayo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Onyo na jibu viliwekwa kwenye mkono mmoja, wa mkunga, naye hakulazimika kumsubiri mtu. Kama ungeniuliza ni ugunduzi gani wa miaka hii ungefaa zaidi kituo cha Karema, ningetaja huo kabla ya mashine yoyote.

Nchini kuna mengine ya kujifunza. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mradi wa PartoMa uliandika miongozo mifupi ya mfukoni pamoja na wakunga na madaktari wa palepale, ikilingana na idadi ya watu waliopo na si idadi ya kwenye vitabu. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi elfu. Mpango wa Safer Births, uliokua kutoka kazi za Hospitali ya Haydom, ulifanyika katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Shinyanga, Simiyu na Geita, ukihimiza mafunzo mafupi ya mara kwa mara kazini, na mwaka 2025 ulitangaza kwamba vifo vya kina mama vituoni humo vilipungua kwa asilimia 75. Tabora inapakana na Katavi. Katavi haikuwamo, na hilo ni pengo linalomsubiri mtafiti. Tangu 2022 umeenezwa kitaifa pia mpango wa m-mama, ambao kwa simu ya bure 115 humtafutia mzazi au mtoto mchanga gari la wagonjwa, au dereva wa kawaida aliyesajiliwa kijijini na kulipwa kwa safari hiyo. Kwa taaluma yetu 115 ni chombo cha thamani kubwa: kwa mara ya kwanza simu ya kuomba msaada inabaki na muda wake, na muda wa gari kufika unaweza kuwekwa kando yake.

Kitaifa vifo vya uzazi vimeshuka kutoka makadirio ya 556 kwa vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015–16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni mafanikio makubwa, hata kama wataalamu wataendelea kubishana juu ya mbinu za kuhesabu. Wastani wa taifa, hata hivyo, hauendi zamu ya usiku Ikola.

Unapoanza, basi, usianze kwa kuuliza ni asilimia ngapi ya patografu zimejazwa. Tafiti hizo tunazo za kutosha, na zote zinatoa picha ileile. Chukua kituo kimoja cha afya, Mishamo au Majimoto au Inyonga, na ufuatilie maonyo: kila mara mkunga alipoita, aliita nani, kwa njia gani, baada ya dakika ngapi alijibiwa, na jibu lilikuwa na nini mkononi. Ukapime pia maonyo ya bure, kwa sababu ndani ya eneo lenye malaria na upungufu wa damu, mapigo ya 105 na joto la 38 huenda yakawa ya nusu ya wodi, na mipaka iliyopimwa Luton haina budi kupimwa upya hapa. Waulize wakunga ni dalili gani wanazozitumia ambazo hazimo kwenye fomu. Waulize wakiwa wawili watatu, nje ya ofisi ya mganga mfawidhi, na uwape muda wa kuzungumza kama watu wa taaluma, maana ndivyo walivyo. Usisahau wahudumu wa usafi na bibi waliokaa na wazazi usiku. Mara nyingi hao ndio walioona wa kwanza.

Na uandike kwa Kiswahili. Karibu maandiko yote niliyoyataja yako kwa Kiingereza, ilhali mkunga wa Mpanda hukabidhi zamu, hugombana na dereva na humtuliza mzazi kwa Kiswahili. Matokeo yakirudi kwake katika lugha anayofanyia kazi, ataweza kukuambia ulipokosea. Mwombe akuambie.